Vidonge kwa Zamu

Siku ya tatu ya msiba wa wifi yangu Zuhura nilikuwa jikoni nikikoroga mchuzi, mlango ukiwa wazi ili moshi utoke. Sebuleni, Mama Shukuru alikuwa ameketi katikati ya mkeka, akiwaeleza wanawake waliokuwa wakichambua mchele kwamba marehemu ameuawa na dawa. "Mtu unameza kila siku ya Mungu, miaka nenda miaka rudi," alisema, "hivi mwili ni wa chuma? Lazima zikumalize. Mimi si mnaniona? Zile zile nilizimeza, nikaziacha. Haya, nina nini?" Akajipiga kifuani kwa kiganja. Wanawake wakamtazama, wakaona kweli hana neno, mnene, shavu linang'aa, wakaguna kwa kukubali. Nilikuwa na upawa wa moto mkononi. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba nilijizuia. Wifi yangu alikufa kwa kiharusi, akiwa ameshaona wajukuu, na daktari wake wa siku zote alinipigia simu ya pole akaniambia kwamba katika wagonjwa wake wa ini yeye ndiye aliyekuwa akimtolea mfano. Lakini nani atoke na habari hiyo mbele ya watu, kwenye matanga, aanze kubishana na mama mzima anayelia? Nilifunika mchuzi. Nimekuja kuandika hapa yale niliyoyameza siku ile, kwa sababu mwaka ule wa vidonge niliuona kwa macho yangu, na hakuna mwaka katika maisha yangu ulionichosha roho kama huo.

Nilikuwa mke mpya, sijafika hata miaka ishirini na mitano, na mume wangu Salum alikuwa amenileta kuishi kwa dada yake, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, pale Kariakoo. Salum mwenyewe alikuwa mtu wa kusafirisha mizigo Tunduma, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo kusema kweli niliolewa na wifi. Chumba chake kilitazama barabarani na nusu yake ilijaa marobota ya vitenge vya dukani kwake, kitanda kimebanwa ukutani, hivyo usiku ukiingia kumpelekea maji unapita ubavu ubavu. Sebule ilikuwa na makochi makubwa kuliko sebule yenyewe. Jiko lilikuwa jembamba, na dirisha lake lilitazama kichochoro ambamo wapagazi walipita kutwa nzima wakipiga kelele za kuomba njia, kiasi kwamba hata leo nikikaanga vitunguu mahali penye utulivu naona kuna kitu kimepungua. Alasiri, fremu za maduka zikipoa, wanawake wenzake wa sokoni walikuwa wakipanda kuja kunywa chai, na mimi nikawa nasikia kila kitu kupitia mlango usiofunga sawasawa.

Walikuja kwa sababu wifi Zuhura alikuwa kijumbe. Aliyekaa Kariakoo hahitaji kuelezwa, ila kwa wengine niseme kwamba wanawake wale walicheza mchezo: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea chote, kisha zamu inahamia kwa mwenzake, na kijumbe ndiye anayekusanya na kulinda mpangilio. Vijumbe wengi hutoroka, wengine hujipendelea. Wifi yangu alikuwa na jina sokoni kote kwa sababu hakuna zamu iliyowahi kulala mikononi mwake. Mwanachama mmoja alipofariki kabla hajapokea, wifi alisubiri hadi siku yake ya zamu, akavaa baibui, akawapelekea watoto wa marehemu. "Zamu ni ya mtu," alikuwa akisema. "Hata akiwa kaburini." Watu waliposema hivyo kumsifia mimi nilijisikia fahari, kwa sababu bado sikujua sifa ile itatufikisha wapi.

Mwanzoni mwa mwaka ule ndipo ugonjwa wake ulipogundulika. Alikuwa amechoka kwa muda mrefu, uchovu ambao yeye alisingizia joto, na siku moja akatapika akashindwa kusimama. Tulichukua bajaji hadi Upanga, kwenye hospitali kubwa, tukazungushwa vipimo mpaka tukafika kliniki ya ini. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alieleza vizuri. Kirusi cha homa ya ini kimekaa mwilini miaka mingi bila kelele, kimelijeruhi ini, na majeraha yamegeuka makovu, ini limekuwa gumu. Makovu hayo hayafutiki kirahisi, ila kirusi kinaweza kulazwa usingizi, na cha kukilaza ni kidonge kimoja kila siku, bila kuruka. Mimi na Salum tukaagizwa tupimwe na tuchanjwe, tukapimwa, tukachanjwa. Wifi alisikiliza yote akitikisa kichwa, halafu akauliza swali alilokuwa akilisubiri.

"Dozi inaisha lini?"

"Haiishi, mama. Utaitumia maisha yako yote."

"Daktari, hakuna kitu kisicho na mwisho. Hata mkataba wa fremu una mwisho."

"Hii haina, mama yangu."

"Tuseme mwaka."

"Hapana, mama."

"Basi mwaka na nusu, ya mwisho hiyo, tusisumbuane."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namjua wifi anapotoa sauti ile. Hiyo ndiyo sauti aliyowashushisha nayo bei wauzaji wa jumla wa mtaa mzima. Daktari alipomaliza kucheka akaegemea mezani, akamwambia kwamba ukiacha, kirusi kinaamka na hasira, na ini lenye makovu halina nguvu ya akiba ya kupigana nacho. Wifi akasema amesikia. Kwenye bajaji alinigeukia akasema, "Daktari mgumu yule. Hashuki hata kidogo." Kwenye duka la dawa kijana alinikabidhi chupa akaniangalia kwa huruma ya ugonjwa mwingine kabisa, ule wa UKIMWI unaotumia dawa hiyo hiyo, nami sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Chupa ikawekwa juu ya friji.

Miezi ya kwanza ilikuwa miezi ya chumvi. Daktari alisema tupunguze, mimi nikapunguza, na kila mlo ukawa kesi. Nilipika samaki wa nazi, akaonja, akasukuma sahani. Nilipika mchicha, akauliza kama nimeuchemshia ng'ombe. Wageni nao wakaleta ujuzi wao: mmoja kaleta majani ya mlonge, mwingine unga usio na jina kutoka kwa mganga wa Magomeni, na wa tatu alituletea maini ya ng'ombe, kwamba ini huponywa kwa ini. Yale maini tuliyala mimi na Salum, na unga niliumwaga chooni. Lakini kidonge alikuwa anakimeza. Nilimwona. Macho yakaanza kuwa meupe, akarudi dukani, akaanza tena kunigombeza kuhusu jinsi ninavyokunja mashuka. Nikajua amepata nafuu, nami nikajiachia. Alfajiri nilikuwa nateremka kufungua duka, yeye akibaki juu kunywa chai na kumeza dawa yake kwa utulivu, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ilikuwa baada ya mvua za masika, zile ambazo barabara ya Jangwani ilifungwa na wateja wa upande wa Magomeni wakashindwa kuvuka, ndipo nilipopata muda wa kufanya usafi wa nguvu. Nikafuta juu ya friji. Hakukuwa na chupa. Nikatafuta chumbani, kabatini, kwenye mkoba wake. Nikaenda sebuleni, alikokuwa amekaa akichambua dagaa, nikamuuliza chupa iko wapi.

"Nimempa Mama Shukuru," alisema bila kuinua macho. "Mwezi huu zamu yake."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa subira, kama anamweleza mtoto. Mama Shukuru, muuza nguo za watoto wa Mtaa wa Kongo, alikwenda kumtolea damu mtoto wa dada yake, akaambiwa damu yake haifai, ana homa ya ini. Akaogopa kwenda mbele zaidi. Neema, Mchaga muuza vyombo na chupa za chai, naye aliambiwa hivyo hivyo alipokuwa mjamzito. Siku moja wakiwa sebuleni wanakunywa chai wakaona chupa juu ya friji, wakauliza ni ya nini, na ugonjwa ukawa ni mmoja. Wanawake watatu, chupa moja. Kwa wifi yangu hilo halikuwa fumbo. Alikuwa amefanya kazi hiyo maisha yake yote.

"Kwa hiyo mmecheza mchezo wa dawa," nilisema.

"Mwezi wangu nameza mimi. Mwezi wa Neema anapokea Neema. Mwezi huu wa Mama Shukuru. Hajadhulumiwa mtu."

"Wifi, hii ni dawa!"

"Najua ni dawa, ndiyo maana nimegawa. Ingekuwa soda ningekunywa mwenyewe."

"Daktari alisema usiruke hata siku moja."

"Daktari alisema maisha yangu yote," akanijibu, na hapo ndipo alipoinua macho, kwa sababu alijua amenishika. "Sasa kitu cha maisha yote, mwanangu, unakikimbilia nini? Ingekuwa dozi ya wiki moja, sawa, ukiruka umeharibu. Hii nikiruka mwezi naukuta mbele. Haiishi, si amesema mwenyewe?"

Nimeishi na hoja ile miaka yote hii na bado sijapata jibu la haraka linaloweza kumnyamazisha mtu kama wifi. Nilimweleza kwamba kirusi hakisubiri zamu. Akasema kirusi chake anakijua, kimekaa naye miaka mingi. Nikampigia Salum, aliyekuwa Tunduma anasubiri lori livuke. Alisikiliza, akavuta pumzi, akasema, "Mwache dada, anajua anachofanya." Nikamwambia dada yake anajua vitenge. Akasema mtandao unasumbua, akakata. Nikashuka hadi Mtaa wa Kongo, nikamkuta Mama Shukuru ananing'iniza visuruali, nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza kwa adabu zote nilizofunzwa kwamba wifi ini lake limeshaharibika, hana nafasi ya kuruka, na kwamba yeye aende hospitali apimwe apate ya kwake. Akaning'iniza suruali moja zaidi. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Kwa hiyo unataka mimi nife?" Wateja wakageuka. Wenye meza za jirani wakageuka. Nikawa mimi ndiye mbaya wa mtaa. Neema peke yake ndiye aliyenivuta pembeni baadaye, nyuma ya masufuria yake, akaniuliza kliniki ile ni siku gani na mtu aanzie dirisha lipi.

Mimi na wifi tulikaa hivyo, tukivutana, mwezi baada ya mwezi. Nilimwomba kwa upole, nilimnunia, nilimtishia kurudi kwetu. Nilipofika kliniki kuchukua chupa mpya niliificha kwenye unga wa sembe, akaikuta siku ile ile, kwa sababu siku ile ile ndiyo aliyoamua kusonga ugali mwenyewe. Alasiri nilikuwa nawasikia sebuleni wakimsifu. "Nani mwingine angefanya hivi?" Mama Shukuru alikuwa akisema, akitafuna kashata zangu. "Watu siku hizi mtu akipata kidogo anajifungia ndani." Sikumwona wifi uso, lakini nilijua anavyotabasamu. Nataka niwe mkweli: alikuwa na moyo mzuri, na ndiyo maana hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda. Mtu mchoyo unaweza kumchukia ukapumua. Huyu kila nikimkasirikia najikuta nimekasirikia wema, na hakuna kinachochosha kama hicho.

Miguu ndiyo iliyoanza. Viatu vikakataa, akasema ni kusimama sana. Kisha tumbo, akasema ni gesi. Kisha macho yakawa ya manjano kama binzari, akavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Asubuhi moja nilimkuta dukani anakunja kitenge, anakikunjua, anakikunja tena, kile kile, na nilipomwita akanitazama akaniita kwa jina la mama yake, aliyekwishakufa zamani, akaniuliza kama nimeshafunga kuku. Nilifunga duka wateja wakiwa ndani. Tulimbeba watatu hadi kwenye bajaji, na njia nzima ya kwenda Upanga alikuwa amenilalia begani, mzito, akinung'unika habari za kuku. Mimi nilikuwa nalia na kumtukana kwa pamoja. Dereva wa bajaji aliongeza mwendo bila kuambiwa.

Walimtoa maji tumboni, wakampa dawa ya kumrudishia akili, na yule daktari wa miwani akanikalisha kwenye benchi la ukumbini. "Amekuwa akimeza kila siku?" aliuliza. Nikasema hapana. "Anasahau?" Nikasema hapana, hasahau, anagawa. Nikamweleza yote, wanawake watatu na mwezi mmoja mmoja. "Kwa zamu?" aliuliza. "Kwa zamu," nikasema. Akavua miwani akaifuta kwa koti lake muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na nikaona kwamba hata yeye, aliyesoma miaka yote ile, hakuwahi kufundishwa kitu cha kumwambia mtu kama wifi yangu. Akasema kirusi kimeamka vibaya, kwamba akipona hapa atakuwa amepona kwa bahati, na kwamba hatapona mara mbili. Halafu akasema, "Waleteni hao wengine wawili."

Neema alikwishakwenda mwenyewe. Kumbe ini lake lilikuwa limeanza kuharibika, na alianza dawa yake, chupa yake, bila kumtangazia mtu. Mpaka leo yuko dukani kwake, na msibani alikaa karibu nami akimenya viazi. Mama Shukuru ilibidi nimpeleke kwa kumvuta. Majibu yake alinitangazia mwenyewe, tukiwa bado getini, kwa hasira. Kirusi anacho lakini kimelala, ini lake ni zima, halina kovu hata moja. Hahitaji dawa kabisa. Arudi kupimwa mara kwa mara, basi. Yaani kila kidonge alichomeza kilikuwa kimeingia kwenye ini lisilokihitaji, na kila kidonge hicho kilitoka kwenye kinywa cha mtu ambaye wakati ule alikuwa amelala wodini na mpira wa kutolea maji pembeni ya tumbo. Nilitegemea aanguke chini kwa aibu. "Wamenibania," alisema Mama Shukuru. "Hospitali wana watu wao." Nikasimama pale getini, kwenye jua la saa sita. Huyu ndiye mwanamke niliyemsikia akisema kwenye mkeka kwamba dawa zimemmaliza mwenzake.

Wifi alirudi nyumbani amebaki mifupa na tumbo. Mimi mwenyewe nilimweleza majibu ya Mama Shukuru, taratibu, ili yaingie. Alisikiliza, akageukia ukutani. Sikujua amewaza nini, na niliogopa kuuliza, kwa sababu mwezi ulikuwa unakatika na mpangilio nilikuwa naujua kwa moyo sasa kama yeye.

Mama Shukuru alikuja alasiri, na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Alimsalimia, akampa pole, akamsifia kwamba amependeza, jambo ambalo halikuwa kweli. Wakanywa chai. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko na sikujifanya nina kazi.

"Sikuja kukudai, Zuhura," alisema hatimaye. "Nimekukumbusha tu. Mwezi si ndio huu."

"Daktari amesema huhitaji," nikadakia.

"Sikuongea na wewe, mtoto."

Wifi akainua mkono kutukatiza. Akaniomba maji. Nilimletea glasi, na nilipomkabidhi niliona chupa imo kwenye pindo la kanga yake, alikuwa amekaa nayo muda wote. Aliifungua kwa shida. Nikawaza, sasa anampa. Nilijua kabisa anampa, na nilikwishaanza kufikiria nitamwambia nini Salum wakati wa kuzika. Akatoa kidonge kimoja, akakiweka ulimini, akamtazama Mama Shukuru usoni, akanywa maji.

"Zamu yako nimeila," alisema. "Na nyingine nitazila. Zote. Waambie wenzako watafute kijumbe mwingine, mimi nimeshadhulumu mtu."

"Zuhura, ndiyo nini sasa?"

"Nenda kawaambie."

Akaenda. Alikwenda akawaambia, tena kwa kirefu, na kabla ya adhana ya magharibi simu ya wifi ilikuwa imeshalia mpaka nikaizima. Mchezo wake ulihamia kwa mwanamke mwingine wiki ile ile. Yeye alikaa kwenye kochi lile kubwa, mdogo, machozi yakimtoka mfululizo, hajifuti. Hospitalini, pamoja na sindano zote zile, sikumwona akilia.

"Sijawahi kula zamu ya mtu, Rehema," aliniambia. "Maisha yangu yote."

Nilifungua mdomo nimweleze tena. Kwamba hapakuwa na zamu. Kwamba chupa ilikuwa yake na ini ni lake, na mwenzake hakupungukiwa na kitu. Nilikuwa nimeyasema hayo mwaka mzima, jikoni, dukani, kitandani kwake, na nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Nikakaa karibu naye, nikafunga kifuniko cha chupa.

"Ndiyo, umekula," nikamwambia. "Na kesho utakula tena."

Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniuliza kesho saa ngapi.